Mwalimu Cornelia na Zamu ya Maksai

Mwalimu Cornelia alikuwa mtu wa wasiwasi, na hilo nalisema mapema usije ukanilaumu kwamba nilikuahidi shujaa. Alifundisha Hisabati na Sayansi Kilimo katika Shule ya Msingi Chipongo, huko juu kwenye uwanda wa Ufipa, mwendo wa saa mbili na nusu kwa baiskeli kutoka Katandala, Sumbawanga mjini, kama mnyororo haukukatika njiani. Upepo ukipiga bati, alishtuka. Ikisikika tu kwamba mkaguzi yuko kata ya jirani, yeye tumbo lilikwisha kuvurugika, akawa anakwenda chooni na kurudi. Walimu wenzake walimtania kwamba angeweza kuhofia hata sikukuu.

Alizaliwa Malangali, pale pale Sumbawanga mjini, katika nyumba ya watoto saba. Wasichana walikuwa wanne. Kila asubuhi wao walikwenda kuteka maji kabla ya shule, kisha wakafika wamechelewa, wakachapwa kwa kuchelewa. Kaka zao walikuwa wamekwisha keti darasani zamani, miguu imepakwa mafuta. Hakuna aliyeona ajabu. Hata Cornelia mwenyewe hakuona, maana ukizaliwa ukakuta jambo lipo unadhani limeumbwa pamoja na milima.

Aliona akiwa mtu mzima, tena kwa kuchelewa. Ilikuwa mwaka tisini na sita. Hali ya maisha ilikuwa imegeuka juu chini: madukani kila kitu kipo, mifukoni hakuna kitu. Ushirika ulikuwa umekufa, mbolea ilikuwa haishikiki, na wazazi waliambiwa wachangie hiki na kile shuleni. Mume wake, Eustace, aliyekuwa karani wa ushirika, alipunguzwa kazi akaanza kuuza mitumba. Kwa hiyo mshahara wa Cornelia ndio uliokuwa nguzo ya nyumba, na mwanamke mwenye hofu akishikilia nguzo peke yake, unaweza kufikiri mwenyewe alivyolala.

Basi, miaka mitatu kabla ya hapo wazazi wa Chipongo walichanga mahindi, wakanunua maksai wawili wa kulima shamba la shule. Mmoja aliitwa Ruksa, mwingine Shida. Kikaundwa kikosi cha plau, wavulana watupu wa darasa la tano na la sita. Wao walilima alfajiri, saa tatu wakanawa miguu wakaingia darasani. Wasichana walipewa maji: ya jikoni, ya bustani, na ya nyumbani kwa walimu. Kisima kilikuwa bondeni, mbali, na zamu yao ilianguka vipindi viwili vya mwisho. Vipindi viwili vya mwisho vilikuwa Hisabati.

Cornelia alifundisha hivyo miaka mitatu, nusu ya darasa mbele yake na nusu ikipanda mlima na ndoo kichwani. Mwaka uliotangulia walichaguliwa wanne kwenda kidato cha kwanza. Wote wavulana. Mwalimu mkuu, Mwalimu Gabriel, akasema kwa huruma kabisa, "Hawa mabinti wetu hesabu haziwaingii, tufanyeje?" Cornelia akafungua daftari la mahudhurio ili atafute la kujibu. Akahesabu muhula mmoja tu, kwa msichana mmoja tu. Kati ya vipindi sitini vya Hisabati, Rahel wa darasa la sita alikuwa amehudhuria kumi na tisa.

Kumi na tisa! Alihesabu mara ya pili, kisha ya tatu. Alijisikia vibaya mno, maana mwandiko ule wa mahudhurio ulikuwa wake.

Huyu Rahel alikuwa binti wa Yonas, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akakaa kwanza bondeni Mtowisa, halafu akapandisha juu kwenye baridi. Mungu alimpa Yonas mabinti watano mfululizo kabla ya mvulana, na ng'ombe hawasubiri mvulana azaliwe. Rahel alishika plau akiwa na miaka tisa. Sasa alikuwa na kumi na tatu, mrefu, mkimya, Kiswahili chake kikivutika kwa namna iliyowachekesha wenzake. Alisikia hesabu kwa sikio moja akitoka na ndoo, na bado alipata zilizowashinda waliokaa.

Cornelia akapiga moyo konde, akapeleka hoja kwenye kamati ya shule: wavulana na wasichana wapokezane. Wiki hii hawa maksai na hawa maji, wiki ijayo wageuze. Na maji yatekwe asubuhi, si saa za masomo.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Oswaldi, alimsikiliza mpaka mwisho. Usimdhanie mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye jozi mbili za maksai nyumbani kwake, na ndiye aliyehimiza wazazi wachange. Lakini alicheka mpaka akashika meza.

"Mama, mtoto wa kike na maksai? Watalegea hao ng'ombe! Na huyo binti nani atamwoa, mwenye viganja kama vya mchoma mkaa?"

"Mzee, mama yangu alilima ntumba maisha yake yote," Cornelia alisema. Ntumba ni yale matuta yetu ya majani yaliyofukiwa udongo, na anayeyajua anajua yanavyovunja kiuno. "Alilima kwa jembe la mkono, mtoto mgongoni. Hakuna aliyesema ni kazi ya wanaume. Sasa plau inavutwa na ng'ombe, ndiyo imekuwa nzito?"

Wajumbe wawili wanawake wakaangua kicheko, na safari hii hawakumcheka Cornelia. Mzee Oswaldi akajikuna kidevu. Mwishoni wakaafikiana hivi: siku ya wazazi, mwisho wa Novemba, msichana mmoja alime mbele ya watu wote, kisha kamati ipige kura. Akiweza, zamu ibadilishwe. Akishindwa, mambo yarudi yalivyokuwa na yasizungumzwe tena. "Tena yasizungumzwe kabisa," alisisitiza Mzee Oswaldi, na Mwalimu Gabriel akaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu.

Cornelia alitoka mle ndani na wazo moja tu. Kama msichana angeshindwa, mlango ungefungwa kwa kufuli, na aliyeleta kufuli ni yeye.

Zilibaki wiki tatu. Rahel akaanza mazoezi saa za jioni, na Cornelia akaanza kuumwa. Aliota maksai wamekimbia na plau mpaka Mbeya. Alikwenda kwa Yonas kumwomba ruhusa, akiwa amejiandaa kwa ubishi, akakuta hakuna ubishi wenyewe.

"Mwalimu, huyu mtoto analima kwangu kila mwaka," Yonas alisema. "Ila kwangu haonwi na mtu. Huko atacheka nani?"

"Sijui, baba Rahel. Labda wote."

"Basi mwambie asiangalie watu. Aangalie masikio ya ng'ombe."

Nyumbani nako Eustace alimwonea huruma kwa namna yake. "Mama Jenifa, hata chai hunywi? Unaogopa nani hasa?"

Cornelia akamtajia: Mzee Oswaldi, Mwalimu Gabriel, afisa elimu anayeweza kusikia, wazazi, mvua. Orodha ilikuwa ndefu. Eustace akasema amemsahau Papa, na Cornelia akakasirika kweli, akanuna hadi asubuhi.

Siku yenyewe ilifika, na mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, udongo umelainika vizuri. Wazazi walijaa ukingoni mwa shamba la shule, kina mama wamejifunika vitenge kwa ajili ya upepo, wazee wamepewa madawati. Wavulana wa kikosi walilima kwanza. Walilima vizuri, mistari kumi na miwili iliyonyooka, watu wakapiga makofi. Kisha wakawafungua Ruksa na Shida ili wapumzike na kunywa maji, wakati mwalimu mkuu anasoma taarifa ya shule.

Taarifa ilikuwa ndefu. Cornelia hakusikia hata neno. Alikuwa anamtazama Rahel, aliyesimama peku karibu na plau, sketi ya shule ameikunja na kuifunga kiunoni, uso haumwambii mtu kitu.

Ilipofika zamu yake, Mzee Oswaldi akainuka kwenye dawati. "Ngojeni kwanza," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Binti ashike plau, tumekubali. Lakini nira nafunga mimi. Sitaki mtoto wa watu apigwe pembe mbele yangu."

Watu wakaitikia kwamba mzee amesema la maana. Na kweli lilikuwa la maana, lilitoka moyoni. Akawachukua maksai, akawasogeza, akawafunga nira kwa mikono iliyozoea. Kwake nyumbani maksai mkubwa hukaa kulia daima. Shida alikuwa mkubwa kuliko Ruksa. Basi akamweka Shida kulia, Ruksa kushoto.

Sasa, kama hujawahi kulima na ng'ombe, nisikilize. Maksai hufundishwa upande wake. Wa kulia anatembea ndani ya mtaro uliokwisha limwa, wa kushoto anatembea juu, kwenye ardhi isiyoguswa. Wakishazoea, wamezoea. Ukiwabadilisha hawajui miguu waiweke wapi, wanasukumana, kila mmoja anatafuta mahali pake. Ruksa wa Chipongo alifundishwa kulia, na Shida kushoto. Wavulana wa kikosi walijua. Waliona. Walitazamana wakabana midomo, na wewe unajua kwa nini.

Rahel naye aliona. Hakupiga kelele. Alitembea hadi alipokuwa Cornelia, akainama kidogo kama mtoto mwenye adabu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wamegeuzwa pande. Ruksa ni wa kulia."

Cornelia alisikia. Hapo ndipo penyewe, msomaji wangu, hapo hapo. Alisikia vizuri sana, na alijua mtoto anasema kweli, maana aliwaona maksai hao kila jioni kwa wiki tatu. Lakini mbele yake alimwona Mzee Oswaldi anafuta mikono kwenye koti, ameridhika, na watu mia mbili wanamtazama kwa heshima. Kumwambia mzee yule kwamba amekosea kufunga nira! Yeye, mwanamke, mwalimu wa kuja, siku ambayo kura iko mikononi mwa mzee huyo! Akafikiri, tukimuudhi sasa tumekwisha.

"Nyamaza, mwanangu," alimnong'oneza. "Usimvunjie mzee heshima. Wewe nenda tu, watakuelewa."

Rahel akamtazama kidogo. Kisha akasema, "Haya, mwalimu," akaenda kushika plau.

Loo! Hata hatua kumi hazikufika. Ruksa alitaka mtaro, akamsukuma Shida kwa bega. Shida akataka juu, akarudisha. Nira ikapinda. Plau ikachomoka ardhini, ikaruka, ikachora mstari kama mlevi anayerudi nyumbani. Rahel aliikandamiza kwa uzito wake wote, akawaita kwa majina, akawatuliza, akawaanzisha upya. Wakapinda tena. Mara ya tatu mkono wa plau ulimpiga mbavuni, akaanguka kwa magoti kwenye tope.

Watu walicheka. Si wote, lakini kicheko hakihitaji watu wote. Mvulana mmoja wa kikosi aliigiza namna alivyoanguka. Mama mmoja akasema kwa Kifipa maskini mtoto wa watu, aachwe. Yonas alisimama peke yake pembeni, mikono nyuma.

Mzee Oswaldi alisubiri watulie. Hakuwa na furaha ya kushinda, na hilo ndilo lililomuumiza Cornelia zaidi. Alisema kwa upole, "Ndugu zangu, mmejionea wenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Kila mtu na kazi yake, na kazi zote ni za heshima. Tukubaliane sasa, tumalize, mvua isitukute hapa. Kamati, wanaokubali zamu ibaki kama zamani?"

Mikono ikaanza kuinuka. Wa kwanza, wa pili. Mmoja wa wale wanawake wawili aliinua wake nusu, akimwangalia Cornelia kama anayeomba radhi.

Cornelia alimwona Rahel akijifuta tope magotini kwa majani. Hakuwa analia. Angelia ingekuwa nafuu. Alikuwa anajifuta taratibu, goti moja, kisha la pili, kama mtu aliyekwisha kujua toka mwanzo mambo yataishia wapi. Cornelia akakumbuka kumi na tisa kati ya sitini. Akafikiri, na mwakani nitaandika tena kumi na tisa kwa mwandiko wangu mzuri.

"Ngojeni," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasimama juu ya dawati, yeye mwenye woga wa kusimama hata mbele ya kwaya.

"Ngojeni! Maksai wamefungwa vibaya."

Mikono iliyoinuka ikabaki hewani.

"Ruksa ni wa kulia, Shida ni wa kushoto. Wamegeuzwa. Huyu mtoto aliona kabla hajaanza. Alikuja akaniambia, na mimi nikamwambia anyamaze." Dawati liliyumba chini yake. "Hakushindwa yeye. Nimemponza mimi."

Mzee Oswaldi aligeuka polepole. "Mwalimu," alisema, "unasema mimi sijui kufunga nira?"

Jamani, swali lile! Mtu mwingine angepata jibu la kulizunguka. Mwalimu Gabriel alikuwa anamfanyia ishara ashuke. Cornelia alifikiria mshahara, akamfikiria Eustace na mitumba yake.

"Unajua, mzee. Unajua kuliko wengi," alisema. "Ila leo umekosea."

Mzee akawaangalia wavulana wa kikosi. "Ni kweli?"

Wavulana wakaangalia chini wote, na mzee mwenye jozi mbili za maksai nyumbani hakuhitaji jibu jingine. Kabla hajasema lolote, Rahel alikuwa ameshafika kwa ng'ombe. Hakumngoja mtu amruhusu. Akafungua nira, akampitisha Ruksa mbele ya pua ya Shida, akafunga upya, akaivuta mara mbili kuhakikisha. Kisha akaweka plau kwenye mtaro, akapiga mluzi.

Wakaenda. Wakaenda tu, kama ng'ombe wanaokwenda kazini. Udongo mweusi ulilala upande mmoja, mstari ukafuata mstari wa wavulana mpaka mwisho wa shamba, akageuza, akarudi. Hakumwangalia mtu. Aliangalia masikio ya ng'ombe. Aliporudi mara ya pili kina mama walikuwa wameanza vigelegele, na Yonas alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, machozi yanamlenga.

Mzee Oswaldi akasema kamati ipige kura upya, na yeye mwenyewe hakuinua mkono upande wowote. Zamu mpya ilipita kwa kura moja. Moja tu! Tena kwa muhula mmoja wa majaribio. Mwalimu Gabriel aliandika hivyo, akamnong'oneza Cornelia kwamba ya leo hayakumpendeza, na watazungumza Jumatatu.

Watu walipotawanyika alimkuta Rahel bandani, anawasugua maksai shingo mahali nira ilipobana. Cornelia alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbavu zinauma?"

"Kidogo."

"Rahel, nisamehe. Nilimwogopa mzee. Nilijua unasema kweli, lakini nilimwogopa, nikakunyamazisha. Najua na wewe ulimwogopa."

Rahel aliendelea kusugua. Hakuwa na hasira, wala hakuwa anamjibu kwa ujeuri. Alifikiri kwanza, kama alivyofikiri kabla ya kujibu hesabu.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Mzee sikumwogopa. Ningemwambia mwenyewe, nyumbani huwa namwambia baba. Nilikuogopa wewe."

Cornelia alikuwa ameogopa watu wengi katika maisha yake, na angeweza kukutajia majina yao yote. Hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba kuna mtu anamwogopa yeye. Aliingia bandani, akaanza kumsugua Shida shingo.